Kaseti Zetu Zinaozea Kabatini

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu; utungo mrefu haukuenea. Utotoni mwangu hapa Mombasa, kaseti ya dakika 90 ilitukomboa: taarabu ya harusi ilinaswa beti kwa beti, vigelegele na tuzo pamoja. Leo simu hubeba nyimbo maelfu, lakini nyingi za harusi zile hazimo. Zimo makabatini, utepe ukiota ukungu kwa unyevu wa pwani. Enyi wenye kaseti hizo, fanyeni nakala mapema, na jina la mtunzi mliandike. Utungo usiojulikana mwenyewe ni yatima.