"Stima Hupita Juu Juu Tu": Uongo Ulio na Ukweli Ndani

Wasee, leo naongea kuhusu waya. Usiscroll bado, inaweza kuwa ni nyumba yenu.

Tulikuwa kwa ploti ya mathe hapa Kitengela, nyumba za kupangisha zimefika hatua ya kuweka stima. Fundi akaleta roli ya waya ya bei rahisi, shaba nje, alumini ndani. Nikauliza mbona hivyo. Akacheka: "Kijana, stima hupita juu ya waya tu. Ndani haifiki. Kazi ni ile ile."

Mathe alikuwa ashafungua M-Pesa.

Maoni yangu: huo uongo ni hatari kuliko uongo wa kawaida, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukigoogle, utapata fundi yuko sawa.

Kweli yenyewe ni hii. Stima ya AC haiendi upande mmoja. Hapa Kenya frikwensi ni hezi 50, yaani inaenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kugeuka huko kunaunda sumaku ndani ya waya, na sumaku hiyo inasukuma mkondo utoke katikati uelekee nje. Frikwensi ikipanda, mkondo unabanwa zaidi kwa ngozi ya waya.

Fikiria matatu za kutoka Kitengela. Wa kushuka hapo Athi River wanabanana mlangoni. Wa kufika tao wanaingia hadi kiti cha nyuma. Frikwensi ya juu ni wale wa Athi River. Hezi 50 ni wale wa tao.

Sasa namba. Kwa hezi 50, mkondo unazama ndani ya shaba karibu milimita 9 kabla haujapungua hadi kama theluthi. Waya wa soketi, ule wa 2.5, kutoka ngozi hadi katikati ni kama milimita 0.9. Mara kumi ndogo! Stima inajaza waya wote, hadi kiti cha nyuma. Kwa hivyo kilicho ndani ya waya ni muhimu sana.

Na alumini hupitisha stima kama asilimia 60 tu ya shaba. Unene ukiwa ule ule, joto linaongezeka kwa karibu nusu au zaidi. Hapa Kitengela, maji yetu ya chumvi na shawa za instanti tunazijua. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Weka hiyo kwa waya wa uongo ndani ya ukuta, na sehemu za kuunganisha ambazo alumini hulegea na kushika kutu yake. Mpangaji analala chumba cha pili.

Fundi angekuwa sahihi wapi? Kwa waya wa eriali ya TV. Huko frikwensi ni mamia ya mamilioni ya hezi, na mkondo unazama chini ya mia moja ya milimita. Shaba ya kupakwa inatosha kabisa.

Mtu ataniambia, "Mbona zile nyaya za Isinya ni alumini?" Kweli, shika Namanga Road uziangalie, zile za kilovolti 400 zinazoenda Mombasa na Tanzania. Chuma katikati cha kuzipa nguvu, alumini nje ya kubeba stima. Lakini huko ni nyaya nene, na wahandisi walijua ni alumini wakapiga hesabu ya alumini. Sina ugomvi na alumini. Ugomvi wangu ni kuuziwa alumini kwa saizi ya shaba.

Nilichukua kisu nikakwaruza waya. Rangi ya fedha ikatokea. Mathe akanyamaza kidogo, akasema, "Rudisha." Fundi alikasirika, na nyumba mbili zimekaa gizani hadi mwezi ujao. Sawa tu.

Hatuhitaji kuwa mainjinia. Tunahitaji swali moja. Mtu akikuambia "stima hupita juu tu," muulize: frikwensi gani, na waya wa unene gani? Akikosa jibu, toa kisu ukwaruze.

Kwenu mlikwaruza? Niambie hapo chini.