Kutoka Kasongo hadi Ziwa Tanganyika: Njia inapendeza, bariere ndizo zinaumiza

Mvua ikitulia, mwezi wa sita hadi wa nane, motari wa Kasongo wanaanza tena kuongelea safari ya Baraka. Njia inatoka Kasongo, inafika Kabambare inchi ya Luama, inapita Salamabila, kisha inaingia Kivu ya Kusini, teritware ya Fizi. Hapo inapanda milima, na mwisho inateremka hadi ku ziwa. Maji ya Tanganyika yako kwenye mita 773 juu ya bahari, na mbele ya Baraka rasi ya Ubwari inaonekana wazi, na milima yake.

Kwa macho tu, safari kama hiyo watu wa kwingine wanailipia. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliunda hifadhi ya Mahale mwaka 1985: milima inayoshuka hadi ku mchanga, sokwe msituni, na wageni wanaotoa dola nyingi ili walale ndani ya hema pembeni ya maji. Kwetu pia watu wanalala inje. Lakini ni dereva ambaye lori lake limezama ndani ya matope, na mama mwenye magunia ya mchele anayengoja siku ya pili, ya tatu.

Kila kampeni ya uchaguzi inaleta jibu moja: tengenezeni barabara, wageni na biashara vitakuja. Ni kweli nusu. Mahale haina barabara ya magari ndani yake. Wageni wanafika kwa mashua ao kwa ndege ndogo, kisha wanatembea kwa miguu. Kinachowaleta ni kwamba hakuna mwenye bunduki anayewasimamisha njiani.

Kwetu hesabu iko tofauti. Mwaka 2017 shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 katika Kivu mbili peke yake, za vikundi vya silaha, za jeshi na za watumishi wa serikali. Maniema haikuhesabiwa, lakini msafiri akivuka kuelekea Fizi anaingia ndani ya hesabu hiyo. Kila kamba anayofunguliwa inaongezwa ku bei: mchele wa Kasongo unafika ziwani ukiwa ghali, na ndagala zinapanda huku zikiwa ghali vilevile. Anayelipa mwisho ni mwenye kununua kikombe kimoja sokoni.

Namoya inaonyesha jambo hilo vizuri. Kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu ya biashara huko mwaka 2016. Ilikuwa na pesa, magari makubwa na walinzi. Hata hivyo, mwezi wa tisa 2019 ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Kama mgodi wa dhahabu ulishindwa, motari mwenye gunia mbili atafanya nini?

Njia yenyewe si mpya. Misafara ya pembe za tembo na ya watumwa ilipita Kabambare kwenda Ujiji, na Kiswahili cha Kasongo kiliingia kwa njia hiyohiyo. Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Stanley alipita 1876 akielekea kwa Tippu Tip. Wakati ule pia kupita kulikuwa na bei yake, na wenye kubeba mizigo hawakuulizwa.

Udongo wenyewe hauwezi kusahauliwa. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, uliundwa 2008 na unapata pesa kupitia mafuta ya magari. Wakaaji wa Kabambare wana haki ya kuuliza kiasi gani kimefika kwao. Lakini tingatinga likipita leo na kamba zibaki, kitakachokuwa rahisi ni kusimamisha watu wengi zaidi kwa siku moja.

Kuna hatua ndogo isiyongoja bajeti ya Kinshasa. Wakubwa wa teritware za Kasongo, Kabambare na Fizi wanaweza kuandika taksi zilizo halali, kwa Kiswahili, na bei zake kwa franka, kisha karatasi hiyo ibandikwe ku kila bariere ya serkali. Bariere isiyo ndani ya orodha iondolewe. Motari akidaiwa zaidi, atakuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole.