Waacheni wavae kilti

Mwaka 2005, kijana wa sekondari katika jimbo la Missouri, Marekani, alitinga kwenye dansi ya shule akiwa amevaa kilti, vazi la kiume la Uskoti linalofanana na sketi. Mkuu wa shule akamwamuru akabadilishe.

Kosa lake lilikuwa lipi hasa? Kilti rasmi hushonwa kwa takriban yadi nane za sufu. Marinda huwa nyuma, mikanda kiunoni, na kipochi cha ngozi huning'inia mbele. Ni vazi zito, la gharama na la heshima. Polisi na wazimamoto wa New York hulivaa wakipiga zumari kwenye mazishi ya wenzao, na hakuna anayethubutu kuwacheka. Shule nyingi za Kikatoliki nchini humo huwavisha wasichana sketi za mtindo huohuo kama sare. Akilivaa mvulana, ghafla linakuwa utovu wa nidhamu!

Serikali ya Uingereza nayo iliwahi kuliogopa vazi hili. Sheria ya mwaka 1746 ilimtia gerezani miezi sita mwanamume wa nyanda za juu za Uskoti aliyekutwa nalo. Ilifutwa mwaka 1782.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1969 kwamba wanafunzi waliofunga vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam hawakuwa wamevuruga masomo. Walimu wakuu watumie kipimo hicho cha kuvuruga masomo. Wakague urefu na usafi wa nguo, ila jinsia ya mvaaji isiwe hoja.