Najisi si ruhusa ya kurusha mawe



Wiki ya pili hii wageni wangu wanaishia mlangoni. Shoga yangu mmoja amekataa hata chai. Wengine wanapiga simu kwanza: "Yule mbwa bado yupo?" Yupo. Na leo naeleza kwa nini yupo, maana kusengenywa kibarazani hakujanifaa mie wala nyie.

Mbwa mwenyewe mdogo, hampiti sana paka wa sokoni. Walikuwa naye wapangaji wa nyumba ya jirani. Mkataba wao ulipokwisha, wao wakapanda ndege, yeye wakamwacha getini. Siku ya tatu nikawakuta watoto wamemzunguka na mawe, mguu mmoja umeshavunjika. Watu wazima wamesimama pembeni wanacheka. Nilipokemea, mmoja akanijibu: "Kwani si najisi huyo?"

Ndiyo, sisi Mashafii twasema mbwa ni najisi. Lakini najisi ni hukumu ya kuosha. Chombo alichoramba kinaoshwa mara 7, moja kwa udongo. Tumefundishwa la kufanya na sahani, hatukufundishwa kumvunja mguu kiumbe wa Mungu. Kinyesi cha mwanao nacho ni najisi. Unakiosha, humrushii mtoto mawe.

Hivi tumesahau darsa zetu? Mtume (s.a.w.) alitusimulia habari za mwanamke kahaba aliyemwona mbwa anakufa kwa kiu kisimani. Akavua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio, akamtekea maji. Mungu akamsamehe. Na mwanamke mwingine akaingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Wote wawili ni wanawake, dada zangu. Tuchague tunataka kufanana na yupi.

Simwambii mtu amlaze mbwa kitandani. Hadithi za kumfuga bila haja nazijua, na ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa naijua pia. Dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Wangu analala kwenye kibanda uani, karibu na banda la kuku na migomba yangu. Ana sahani yake, na nguo yangu ya sala haifiki huko. Mnaosema mbwa mdogo halindi kitu, njooni usiku mguse geti. Mwizi haogopi meno tu, anaogopa pia kelele zinazoamsha mtaa.

Na nyie mnaomtaka mbwa mwenye manyoya kwa ajili ya picha, tafadhali mwacheni. Mbwa mdogo anaweza kuishi miaka 12 na zaidi. Atataka chakula kila siku, chanjo ya kichaa cha mbwa, na kufungwa kizazi ili tusiongeze watoto wa kutupwa. Ukijua utahama mwakani, usianze. Waliomwacha huyu getini nao walianza kwa kumpenda.

Wenye hofu ya kichaa cha mbwa nawaelewa, ni maradhi yanayoua. Lakini mawe hayakingi maradhi, chanjo ndiyo inayokinga. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukatika. Na mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Basi mwenye shamba au ua na nia ya kweli, amchukue mmoja wa waliotupwa kabla hajafikiria kununua. Asiyeweza, aweke bakuli la maji nje. Asiyeweza hata hilo, amzuie mwanawe asirushe jiwe. Mtoto anayecheka kiumbe akilia leo, kesho atamcheka nani?

Chai yangu ipo, na vikombe vyangu ni safi. Karibuni.

Wabillahi tawfiq.