Kompyuta iende kwa fundi, diski ibaki nyumbani



Leo tunaweka pembeni hina na udi, tuzungumze kompyuta. Si hizi mpya za kukunja. Ni ile ya mezani ya zama za Windows XP, yenye kasha zito na skrini ya chogo. Nyumba nyingi bado zinayo, na sisi tunaoshona nguo za harusi hapa Kwamkoro, katikati ya mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, bado tunaifanyia kazi. Ndani yake mna vipimo vya wateja, kadi za mwaliko, na picha za miaka mingi za maharusi wakipambwa.

Picha hizo ndizo zilizotufanya tuandike. Msimamo wetu ni mmoja: kompyuta ikiharibika, isitoke nyumbani na diski yake.

Fikiria bi harusi ambaye mtaani hatoki bila kujifunika. Siku ya kupambwa yuko ndani na wanawake wenzake, nywele wazi, mabega wazi, na anakubali kupigwa picha kwa sababu ametuamini. Baada ya miaka kumi kompyuta inagoma kuwaka, tunaibeba na kwenda kuiacha mezani kwa mtu tusiyemjua hata kwa jina. Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha turudishe amana kwa wenyewe. Picha ya mwanamke mwenzetu ni amana, na kuiacha ovyo si kuirudisha.

Yametokea kwa wengine. Mwaka 2008 kule Hong Kong, picha za faragha za mwigizaji Edison Chen na wanawake mbalimbali zilisambaa kwenye intaneti baada ya kompyuta yake kupelekwa kwa fundi na faili kunakiliwa. Fundi alihukumiwa kifungo mwaka 2009, lakini picha hazikurudi. Tazameni walioumia zaidi: wale wanawake. Kompyuta haikuwa yao, wala wao hawakuipeleka kokote. Na sisi wenye maduka ndivyo tulivyo, tumeshika sitara za watu ambao hata hawajui kama kompyuta yetu ni mbovu.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini heshima ya mtu ikishamwagika, sheria haiizoi.

Ichunguze kama cherehani

Cherehani ikiruka mishono hatukimbilii kununua nyingine. Tunabadilisha sindano, tunajaribu. Tunatazama uzi, tunajaribu. Tunalegeza mkazo, tunajaribu. Jambo moja kwa wakati mmoja, ili ikipona tujue kilichoiponya. Kompyuta ni vivyo hivyo, na magonjwa mengi ya kompyuta kuukuu ni madogo.

Haiwaki kabisa? Anza na soketi, waya, kisha fyuzi iliyo ndani ya plagi. Nyuma ya kasha, kwenye pawa saplai za zamani, kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu huku ni 230, usiigeuze hata kwa udadisi.

Inawaka lakini kila siku inasema ni mwaka wa zamani? Betri ya mazabodi imekwisha. Ni ile bapa ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3, ambayo madukani inapatikana kwa bei ndogo.

Inalia mlio mfululizo na skrini ni nyeusi? Mara nyingi ramu imelegea au meno yake yameshika kutu. Huku milimani tuna ukungu na mvua, ninyi visiwani mna hewa ya chumvi, na vyote viwili vinakula chuma. Chomoa waya wa umeme, gusa bati la kasha utoe umeme wa mwilini, toa ramu, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa, kisha uirudishe mpaka vishikizo vyake vilie.

Inawaka vizuri, halafu baada ya dakika kumi inazima au inaganda? Tazama feni. Dukani kwa fundi nguo feni haizibwi na vumbi tu, inazibwa na nyuzi na manyoya ya vitambaa. Brashi ileile ya kusafishia cherehani inatosha, ila shika feni isizunguke.

Sasa lipo tatizo la umri. Kompyuta za nyumbani zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta Tanzania, kwa hiyo kongwe zetu nyingi ni za miaka ya 2000, tena mtumba. Miaka hiyo viwanda vingi duniani vilitumia kapasita mbovu, hata kampuni kubwa kama Dell ilibidi ibadilishe mazabodi nyingi za OptiPlex GX270 na GX280. Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Ukiona kimevimba kama andazi, au kimetoa maji ya kahawia, umeshaujua ugonjwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa kulehemu. Mwambie aweke yenye mikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi.

Na yapo mawili ambayo mwanamke wala mwanamume asiyesomea asiyafungue: skrini ya chogo na sanduku la pawa saplai. Vyote hushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Kutoa diski

Hapa ndipo tunapowaomba msiogope. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi ya nyota. Diski ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kitabu kidogo. Ina waya mbili: mmoja mpana bapa kama utepe, mwingine wa umeme wenye rangi. Vuta kwa kushika plagi, usivute waya. Legeza skrubu pembeni, itatoka. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, uiweke kabatini.

Fundi haihitaji kutafuta ugonjwa wa mazabodi, ramu, feni wala pawa saplai. Kompyuta itawaka na kuonyesha maandishi ya mwanzo bila diski, na fundi makini anayo diski yake ya kujaribia.

Ikiwa mgonjwa ni diski yenyewe, inagonga tik tik tik, acha kuiwasha. Kila ukiiwasha unapunguza kitakachookolewa. Hapo lazima mtaalamu aiguse, basi akae mmoja wenu mbele yake mpaka kazi iishe, na arudi na diski mkononi.

Kuna watakaosema tunawadhania vibaya mafundi. La. Mafundi wengi ni waaminifu, na diski ikibaki nyumbani hata fundi anasalimika. Siku picha ikionekana pasipostahili, hakuna atakayemnyooshea kidole.

Wengine watasema, si ununue laptopu mpya yaishe? Nunua, heri yako. Lakini ile ya zamani itakwenda wapi? Ukimuuzia wa vyuma chakavu na diski ndani, umeuza na picha. Kufuta faili na kumwaga pipa la kompyuta hakuondoi picha. Zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski isiyotakiwa tena inavunjwa kwa nyundo, ikiwa imefungwa ndani ya gunia, maana sahani za baadhi ya diski ni za kioo.

Na ninyi maharusi, mna haki ya kuuliza. Siku ya kupimwa gauni au ya kupambwa, muulizeni mwenye duka: picha zangu zinakaa wapi, na kompyuta ikiharibika inakwenda kwa nani? Mwenye duka akikasirika kwa swali hilo, tafuteni duka jingine.

Bisibisi ya nyota ni bei ndogo. Nunueni moja, ikae kwenye droo ya cherehani.

Wabillahi tawfiq.