Mthamini wa Benki Si Mkaguzi Wako

Anayenunua fleti Kilimani au Kileleshwa, jijini Nairobi, hulipa karibu kila mtu. Humlipa wakili, hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, na akichukua mkopo hugharamia pia mthamini aliyeteuliwa na benki. Anayesahaulika ni mtu wa kupanda paani na kushuka hadi kwenye maegesho ya chini kwa niaba ya mnunuzi mwenyewe.

Wengi hudhani mthamini ameshaifanya kazi hiyo. Hajaifanya. Ametumwa kuiambia benki kama nyumba ikipigwa mnada itarudisha mkopo. Hupita vyumbani, hupiga picha, hulinganisha bei na za jirani, akaenda zake. Hakuagizwa kupima uimara wa nguzo wala kufuatilia bomba la majitaka hadi linakoishia. Ripoti yake ni ya benki, hata kama pesa zimetoka mfukoni mwako.

Kwanza tafuta mpima ardhi mwenye leseni. Huyu huja na ramani, akazisaka bikoni, yaani alama za mpaka, moja baada ya nyingine, kisha akakuonyesha kama ukuta wa ua umevuka mpaka na kuingia kwenye hifadhi ya barabara au ukingo wa mto. Magharibi mwa Nairobi jambo hili ni zito, kwa kuwa mito ya Kirichwa inapita nyuma ya majumba mengi. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa kituo cha mafuta na mkahawa Kileleshwa, na siku chache baadaye yakaangusha jumba la maduka la Ukay Centre kule Westlands. Serikali ilisema majengo hayo yamejengwa kwenye ardhi ya mto. Yalikuwa majengo ya kudumu, yenye wateja wa kila siku, na hakuna mpita njia ambaye angeyashuku.

Usijifiche nyuma ya hati. Mfumo wa kidijitali wa ardhi wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, utakuambia kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, lakini hautakuambia ukuta umesimama wapi. Na Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management kuhusu kiwanja cha ufuoni Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hivyo wakili naye aifuate historia ya kiwanja mpaka kwa mgao wa kwanza.

Kisha mwite mhandisi, na hapa ndipo wanunuzi wa Nairobi wanapobana senti wakapoteza mamilioni. Rangi mpya huficha mengi. Mhandisi hutazama ufa unaoshuka kimshazari kutoka pembe ya dirisha, kwa kuwa huenda ni dalili kwamba msingi unatitia. Huingia kwenye maegesho ya chini akaangalia kama nguzo zina alama za kutu, maana chuma kikianza kuota kutu ndani ya zege hufura na kuipasua. Hufungua mabomba yote kwa pamoja aone kasi ya maji, na huuliza kama maji ya kisima yamepimwa floraidi, ambayo ni nyingi katika visima kadhaa vya jiji hili.

Usiseme nguzo za chini hazikuhusu kwa kuwa umenunua orofa ya saba. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, hati ya fleti huja na fungu lako katika mali ya pamoja. Paa likivuja au lifti ikifa, mtachanga. Basi na wanunuzi wa jengo moja wachange mapema wamlipe mhandisi mmoja.

Mawakala watakuharakisha, watakuambia kuna mteja mwingine njiani. Mwambie wakili aandike katika mkataba kwamba amana yako ya asilimia 10 ya bei itarudishwa ukaguzi ukifichua kasoro kubwa. Benki nazo zimkabidhi mkopaji nakala ya ripoti aliyoigharamia, na zimweleze waziwazi ni mambo gani hayakukaguliwa. Kaunti iweke wazi orodha ya majengo yenye cheti cha kukaliwa, ili mnunuzi aisome kabla ya kwenda kuona nyumba. Muuzaji akimkatalia mhandisi wako kuingia, usimlipe hata shilingi.