Gari-Nyumba na Ziwa Tunywalo

Msafiri aingiaye Bujumbura kwa gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na choo ndani yake, huwa ametuletea nyumba kamili isiyo na msingi; na nyumba hiyo, ikisha kuegeshwa jioni ya kwanza karibu na mchanga wa Tanganyika, hudai yaleyale yanayodaiwa na kila nyumba ya mitaa yetu ya Rohero au Kinindo, yaani maji yaingie, umeme uingie, na uchafu upate njia ya kutokea. Mji wetu hauna viwanja vingi vilivyotengenezwa mahususi kwa wageni wa namna hii, na aghalabu hulala katika nyua za hoteli na mikahawa ya ufukweni, ambako mwenyeji mkarimu huwaonyesha bomba na soketi kwa moyo mkunjufu. Lakini la tatu halionyeshwi, kwa kuwa halijawekewa mahali. Na mimi nashikilia kwamba ukarimu usio na hilo la tatu ni ukarimu wenye madhara, kwa mgeni na kwa sisi wenyewe tubakiao.

Kupiga kambi kando ya ziwa hili si jambo lililoletwa na magari. Kusini kidogo ya mji, Mugere, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871, walipolala hapo pamoja na watu wao. Na kabla yao na baada yao ilipita misafara ya watu wa pwani na ya Wanyamwezi, ambayo kila mmoja ulikuwa na kirongozi wake aliyetangulia mbele, akachagua pahali pa kambi kwa kutazama maji, kuni na usalama. Misafara hiyo ilibeba pembe, nguo na shanga, na pasipo kukusudia ilibeba pia maradhi: kipindupindu kilichoingia Zanzibar mwaka 1869 hakikutoka baharini kama kilivyodhaniwa kitatoka, bali kilishuka kutoka bara kwa njia za misafara, kambi kwa kambi, kisima kwa kisima. Nayataja haya kwa sababu kipindupindu kwetu si habari ya vitabuni. Januari 1, 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wake katika mji huu, na wakazi wa ukanda wa ziwa wanajua jinsi ugonjwa huo unavyorejea penye upungufu wa maji safi na vyoo.

Niliwahi kuwapo katika ua mmoja wa ufukweni walipofika mume na mke, asili yao mtaa wa Buyenzi lakini wakaao Ulaya kwa miaka mingi, wenye gari-nyumba lililoteremshwa bandarini Dar es Salaam na kuletwa kwa barabara hadi mpaka wa Kobero. Njiani kote walikuwa wamelala kwa nguvu za betri na kwa maji waliyojaza mapema, wala hawakuwa wamewahi kuliunganisha gari lao na kitu chochote. Bwana yule, mtu wa makamo na mwenye haraka ya mtu aliyechoka, aliushika waya akaelekea ukutani, na hapo ndipo fundi kijana, aliyeitwa kutoka gereji za Buyenzi kuja kutazama breki, alipomzuia kwa adabu.

“Mzee wangu, tafadhali usichomeke kwanza. Tuupime huu umeme, tujue ni wa namna gani.”

Ningependa kila mwenye ua wa kupokea wageni angelikuwapo asikie yaliyofuata. Kijana alianza kwa kuizima swichi kuu ya ndani ya gari, kisha akaweka kipimo chake katika tundu za soketi, akaeleza kwamba umeme wetu ni wa volti 220 au juu yake kidogo, kama ulivyo wa Ulaya, hivyo gari lililotengenezwa kwa Ulaya litaupokea, ila lile lililotengenezwa kwa Marekani, ambako nyumba hutumia volti 120, likichomekwa hapa bila ya transfoma huunguza vyombo vyake katika dakika ya kwanza. Akaeleza pia kwamba jioni, wakati ambapo mji mzima unapika na kuwasha taa, volti huweza kuteremka, na mota ya friji inayolazimishwa kufanya kazi kwa nguvu pungufu hupata moto hata ikaungua, ingawa taa bado zinawaka na mtu anadhani kila kitu ni salama.

Hatari kubwa, alisema, ilikuwa mahali pengine. Soketi ile ilikuwa na tundu mbili tu, haina waya wa ardhi. Na gari ni sanduku la chuma lililokalia mipira, likiwa limetengwa na udongo kwa magurudumu yake. Endapo waya mmoja ndani utachubuka na kuligusa bati, umeme hautapata njia ya kushukia, utakaa katika mwili mzima wa gari ukingoja. Na mtu atakayekanyaga nyasi zenye umande na kushika mkono wa mlango ndiye atakayekuwa njia. Kwa sababu hiyo alikataa katakata kuunganisha hadi alipoipata soketi nyingine, ya jikoni, iliyokuwa na waya wa ardhi na kikata-umeme cha miliamperi 30, ambacho hukata mara moja kiasi hicho kidogo cha umeme kinapopotea njia. Waya wa kurefushia aliukunjua wote kutoka katika kigurudumu chake, maana waya uliobaki umezungushwa huku unapitisha umeme mwingi hujipasha moto wenyewe hata ukayeyuka. Kiungo akakiinua juu ya tofali ili mvua isikifikie. Baada ya hayo alichomeka, akawasha swichi ya ukutani, kisha ile kuu ya gari, na vyombo kimoja baada ya kimoja, friji ikiwa ya mwisho.

Maji hayakuchukua muda mrefu. Mpira wa maji ya kunywa ulikuwa mbali na ule wa kusafishia, na fundi akasisitiza isichanganywe hata siku moja. Bomba likaachwa limwage kwanza hadi maji yalipotoka safi, tangi likajazwa, mpira ukang’olewa, kwani katika mji ambao maji hukatika na kurudi kwa kishindo usiku, si busara kuziachia bomba nyembamba za gari zipigwe na kishindo hicho watu wakiwa wamelala. Mlinzi wa ua aliongeza wasia wake: wasitoke gizani kwenda kutazama mipira wala nyaya, kwa kuwa viboko hupanda kutoka ziwani usiku kuja kula majani, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hana subira.

Kisha mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, tangi la choo litamwagwa wapi.

Fundi alimtazama mlinzi, mlinzi akamtazama meneja, na meneja akaelekeza mkono, kwa haya, kwenye mtaro uliokuwa nyuma ya jiko. Mtaro ule, kama mitaro yote ya upande ule wa mji, unashuka ziwani.

Sina nia ya kumlaumu meneja. Yeye hakupewa kitu kingine cha kuelekeza. Ninachotaka wasomaji wakitafakari ni mahali maji yale ya bombani, ambayo dakika chache kabla tuliyasubiri yatoke safi, yalikokuwa yametoka: sehemu kubwa ya maji yanayogawiwa na shirika la REGIDESO katika Bujumbura huvutwa kutoka Ziwa Tanganyika, yakasafishwa, yakasukumwa mitaani. Mji huu unalinywa ziwa lake. Na ziwa lenyewe, kwa ukubwa wake wote, kwa kina chake cha mita 1,470 na eneo lake la kilomita za mraba zipatazo 32,900, lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, mbali na sisi; maji yake mengi huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke, na mvuke hauchukui uchafu. Kinachoingia Tanganyika hukaa humo kwa karne na karne. Wapo wasemao kwamba ziwa ni kubwa mno kudhuriwa na tangi la gari moja. Lakini kina kile kikubwa kiko mbali na pwani, ilhali uchafu wetu humwagwa katika maji haya ya kandokando, ambamo watoto huoga, wavuvi husafisha ndagala, na mama asiye na bomba huchota ya kupikia.

Hoja nyingine yafaa ijibiwe kwa insafu. Nitaambiwa kwamba wageni wa magari-nyumba ni wachache, kwamba mafuta ya petroli yamekuwa adimu nchini kwa miaka, kwamba mpaka wa nchi kavu kati yetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024 na kwa hiyo njia ya watalii imekatika, na kwamba mji wenye mahitaji mengi hauwezi kujishughulisha na starehe za watu wenye pesa. Haya yote ni kweli, na kama wageni hao wangelikuwa ndio watu pekee wanaolala garini katika Bujumbura nisingelichukua kalamu. Lakini tazama malori yatokayo Dar es Salaam, yenye safari ya zaidi ya kilomita 1,500, yakisubiri forodha na kushusha mizigo. Dereva na utingo wake hulala katika kichwa cha lori. Humo hupika, humo huvua na kuvaa, na akipata ndoo ya maji ya kununua huoga nyuma ya tela. Lori lake ni gari-nyumba lisilo na tangi la choo. Mtu huyo ndiye anayetuletea saruji, ngano na madawa, na siku anazokaa hapa ni nyingi kuliko za mtalii yeyote, lakini hakuna aliyemuuliza amejisitiri wapi. Tukitengeneza pahali pa kumpokea mmoja, tumewapokea wote wawili.

Na pahali hapo pasiwe mchangani. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa lilipanda hata likaingia katika nyumba za Kibenga na Kajaga, na watu wa Gatumba wakayahama makazi yao. Mashimo ya vyoo yaliyochimbwa karibu na maji yalifurika, na kilichokuwa kimefichwa chini kikaelea mbele ya milango. Anayechimba leo shimo jipya ufukweni kwa ajili ya kambi, au anayefunga soketi chini ya alama ambayo maji ya 2024 yaliifikia, anajua kwa yakini litakalotokea, na hana udhuru.

Bujumbura tayari ina mabwawa ya kusafishia maji taka huko Buterere, ijapokuwa mitaa iliyounganishwa nayo ni baadhi tu. Ninalopendekeza ni kwamba manispaa itenge, katika upande huohuo na karibu na barabara kuu, uwanja wa kuegesha magari ya safari, wenye nguzo za umeme zilizo na waya wa ardhi na kikata-umeme, bomba la maji ya kunywa lililo mbali na bomba la kusuuzia, vyoo na bafu kwa madereva, na sakafu ya saruji iliyoinama kuelekea tundu moja lenye kifuniko, ambamo tangi la choo litamwagwa kwanza na tangi la maji ya kuogea likafuata ili kuusukuma uchafu uliobaki bombani. Hilo ndilo tundu ninalolililia. Mengine yote mtu binafsi aweza kuyafanya, bali hili haliwezi kufanywa isipokuwa na mwenye mamlaka juu ya bomba liendalo Buterere. Mlangoni pakae mtu aliyefundishwa, amuulize kila mgeni dawa aliyotia katika choo chake, kwa maana baadhi ya dawa za vyoo vya magari zina formalini inayoviua vijidudu ambavyo ndivyo vinavyoyasafisha maji yale katika mabwawa, na mgeni mwenye dawa hiyo ashauriwe kuiacha.

Tozo iwepo, ndogo kwa dereva na kubwa kidogo kwa mtalii, na fedha yake itumike kulipa mshahara wa mtu huyo wa mlangoni na kununulia vifuniko, mipira na swichi zinapoharibika. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa na nchi nne kwa mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, ina makao yake makuu papa hapa Bujumbura. Mhandisi wake aweza kuutembelea uwanja asubuhi na kurejea ofisini kabla ya adhuhuri. Kigoma, Kalemie na Mpulungu nazo hupokea malori na wageni kando ya maji haya haya, na mwenye kuanza katika jambo hili ataulizwa na wenzake gharama, vipimo na makosa, kwa hiyo ramani ya tundu la kwanza na hesabu zake ziandikwe vizuri tangu siku ya kumwaga saruji, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.